Betri Iliyokaa Eda

Mpendwa Shemeji,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoianza kila asubuhi pale uani, helmeti mkononi, nawe ukijibu, "Marahaba, Bwana Karani. Leo tunafika au tunafikishwa?" Sikuwahi kukujibu. Nilikuwa nachungulia matairi. Leo nataka kujibu, na kwa kirefu, kwa sababu kuna jambo limetokea kuhusu pikipiki yako ya umeme, na wewe ndiye mtu pekee ambaye angetaka kulisikia mpaka mwisho, pamoja na seli na waya zake. Wengine nikifika kwenye volti wanaangalia simu zao.

Unakumbuka siku ulipoileta? Uliiingiza mpaka ukumbini mchana kweupe na hakuna aliyesikia chochote. Mama yako, Bi Mwanahawa, alikuwa amekaa mkekani anapepeta mchele. Alipoinua macho tairi lilikuwa limeshafika kwenye ungo. Mchele ukaruka, ungo ukaruka, na likamtoka neno ambalo sitaliandika, maana barua hii watu wengine wataisoma.

"Pikipiki gani hii isiyo na adabu!" alisema, mkono kifuani. "Inaingia nyumbani kwa watu bila hodi!"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Yeye hakucheka. Alitoa amri: kuanzia siku ile, ukifika kona ya duka la mkaa, upige honi mara mbili ndipo uingie, na hiyo ndiyo itakuwa hodi yake. Dada yangu Zuhura, mkeo, akasema kutoka jikoni kwamba basi yeye ataitikia. Ikawa desturi ya nyumba. Pi-pi kutoka kona, na kutoka jikoni, "Karibuuu!" hata mikono ikiwa imejaa unga. Hata siku mlizonuniana. Siku hizo karibu yake ilikuwa fupi kama kipande cha kiberiti, lakini haikukosekana.

Ulikuwa ukipeleka marobota ya kanga na vitenge kutoka maghalani kwenda madukani Kariakoo, na wenzako wa kijiweni, wote wenye pikipiki za petroli, waliipa yako jina la Feni.

"Oyaa Feni! Leo upepo vipi?"

"Upepo wa bure. Nyie endeleeni kununua moshi."

"Na umeme ukikatika? Utasukumwa na mama mkwe?"

"Mama mkwe wangu ana nguvu kuliko hiyo injini yako."

Mimi nilikuwa nyuma yako, nimekushika kiuno kwa mikono miwili, naomba wasikucheleweshe, na wakati huohuo naomba tusiondoke. Ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini ipo ng'ambo ya Mnazi Mmoja, kwa hiyo kila asubuhi ulinibeba kutoka Magomeni, tukashuka Jangwani, tukapanda Kariakoo, na kila tulipokata kona nilisema bismillah kwa sauti. "Karani, legeza mikono," ulikuwa ukisema. "Mkeo wa baadaye ataona wivu."

Kuna asubuhi moja sijaisahau. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na bonde la Jangwani lilikuwa limejaa. Watu walikuwa wamesimama kandokando wanatazama maji kama wanavyotazama harusi ya jirani. Mimi nilianza: tutapitaje, itakuwaje, maji yakiingia kwenye mota je, bosi atasemaje? Wewe uliegesha, ukaenda kusimama na wale watazamaji, ukauliza, "Hivi maji yote haya yakiondoka yanakwenda wapi?"

Nikakwambia huu si wakati wa maswali.

"Wewe tangu tusimame umeuliza maswali mangapi?" ukasema. "Shemeji, sikiliza. Wewe unapenda kujua kama mimi. Ila unauliza kwa sauti ya kuogopa."

Tuligeuza tukarudi nyumbani, nikapiga simu ofisini. Maneno yale niliyabeba muda mrefu bila kujua ni ya kufanyia nini.

Na ile Jumapili uliyonipa usukani? Kariakoo ilikuwa bado haijafunguka, ukanishusha karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja ukasema endesha wewe. Niliogopa, nikakaza ngumi. Nilipokaza ngumi, eksileta ikazunguka, pikipiki ikaruka mbele. Iliporuka nikaogopa zaidi, nikakaza zaidi. Ulikimbia pembeni yangu na kandambili moja, nyingine sijui iliishia wapi, ukipiga kelele, "Fungua vidole! Fungua vidole!" Tulisimama kwenye majani. Hukunicheka. Ulikuwa unahema, ukaniambia jambo ambalo ulionekana kulivumbua wakati uleule: "Umeona? Uoga wenyewe ndio unaovuta moto."

Kisha likaja lile. Sitalieleza, wewe ulikuwepo kuliko sisi sote. Kichwa kilikuuma ukasema ni jua, ukajilaza, na kabla ya alasiri nyumba ilikuwa imejaa viatu vya watu mlangoni.

Dada akaingia eda. Pikipiki yako ilikuwa imesimama ukumbini mkabala na mlango wa chumba chenu, pale ulipoiacha. Mama yako akaifunika shuka jeupe. Hakuna aliyesema isiguswe, lakini hakuna aliyeigusa. Tulikuwa tukipita pembeni yake kimya, kwa ubavu, kama mtu anavyompisha anayeswali. Wageni wakija kumpa Dada mkono wa pole walikuwa wakilitazama lile shuka na kushusha sauti. Sasa ninapofikiri naona kwamba lile lilikuwa kosa, na ni kosa ambalo watu kama sisi tu ndio wangelifanya: tuliiheshimu kama mfiwa. Hakuna aliyefikiri kwamba mfiwa huyu naye anahitaji kula.

Eda ilipokwisha, Dada akaoga, akabadili nguo, akatoka. Ndugu wakakaa kugawa ulichoacha, kama dini inavyotaka. Kaka yako mkubwa, Shomari, akalivua shuka, akaweka ufunguo, akazungusha. Kimya. Naam, ilikuwa kimya siku zote, lakini hiki kilikuwa kimya kingine. Hata kioo cha mbele hakikuwaka. Akachomeka chaja. Taa ya chaja ikawaka kijani.

"Kijani maana yake imejaa," akatangaza. "Betri nzima kabisa. Kilichokufa ni mota."

Niliitazama ile taa. Nikajiuliza: betri ambayo haijachajiwa tangu msiba, imejazwa na nani? Sikusema. Unanijua.

Mama yako hakukubaliana na Shomari, ingawa kwa sababu zake. "Betri ikichoka haichomekwi," alisema. "Inaanikwa." Na usicheke, Shemeji, maana mimi nilisaidia kuibeba. Mimi na Dada tumekua hivyo: mawe ya redio yakiisha, unayapanga kibarazani juani, na jioni redio inapata pumzi za kutosha kumaliza matangazo ya vifo. Basi tuliilaza betri yako juu ya mkeka uani, jua la Magomeni likaipiga, na kuku wakaja kupumzika kwenye kivuli chake. Tulipoirudisha ilikuwa ya moto kama kikaango. Taa ya chaja: kijani.

Ndipo Shomari akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja, akalipiga tairi teke, akaitazama nyumba yote kana kwamba anaipima nayo, akasema, "Hii naichukua kwa kilo."

Kwa kilo. Dada alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliinuka akaingia jikoni, na nikasikia sufuria ikiwekwa chini pole pole, kama mtu anayejitahidi isitoe sauti.

"Nitainunua mimi," nikasema.

Sauti ilitoka juu kuliko nilivyokusudia. Wote wakageuka. Shomari akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe? Wewe Karani, unayeshuka ngazi umeshika ukuta?"

"Mimi."

"Utaipanda, au utaifungulia faili?"

Walicheka, na mimi nilicheka nao, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Nilitoa akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kompyuta, wakagawana wanaohusika, na habari ya pesa ikaishia hapo.

Dada akaniita jikoni. Alikuwa anakuna nazi na hakuinua uso.

"Unaipeleka wapi?"

"Kariakoo. Nimeelekezwa kwa fundi wa betri."

"Sikiliza, mdogo wangu. Ikiwa hai, ilete. Ikiwa maiti, usiirudishe hapa. Nimeshatoa maiti mmoja kwenye ukumbi ule."

Tuliipakia kwenye kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi. Nilikaa nyuma nayo, nimeishika usukani njia nzima, kana kwamba inaweza kuruka.

Fundi anaitwa Hansa. Nilitegemea mwanamume mwenye grisi kwenye kucha. Nikakuta mama wa makamo, Mhindi wa Kariakoo, aliyezaliwa ghorofani juu ya duka lake hilohilo, na Kiswahili chake kinakimbia kuliko changu. Baba yake alikuwa akitengeneza redio. Yeye alisomea umeme chuoni, akarudi, na sasa meza yote imejaa betri za bajaji na pikipiki. Kwenye rafu ya juu kuna picha ya miungu yake na shada la maua, kijiti cha ubani kinafuka. Kwenye rafu ya chini, mita na koili za waya. Wewe ungehamia pale.

"Mgonjwa ana nini?" akauliza.

"Chaja inasema imejaa, lakini haiwaki."

"Na nyinyi mmemfanyia nini?"

Nikasita. "Tumemwanika."

"Mmefanyaje?"

"Juani. Kwenye mkeka."

Akavua miwani. "Kaka yangu, hii ni betri au dagaa?"

Alicheka mpaka muuza vitasa wa duka la pili akachungulia. Kisha uso ukabadilika ghafla. "Msirudie. Betri za aina hii zikipata joto sana zinaweza kulipuka moto, mkakosa betri na nyumba. Umenielewa?" Nilielewa. Nikarudi nyuma hatua mbili. Akaona, akanionea huruma. "Haya. Hata baba yangu alikuwa anaanika mawe ya redio dirishani pale. Sitawasema sana."

Akafungua kasha. Shemeji, laiti ungeona. Ndani hakuna kitu kimoja kinachoitwa betri. Kuna seli nyingi ndogo za mviringo, nene kuliko kidole gumba, zimepangwa safu kwa safu na kuunganishwa kwa vibati vyembamba. Na ubavuni, ubao mdogo wa kijani wenye waya nyembamba zinazokwenda kwenye kila safu. Akagusa safu ya kwanza kwa ncha za mita, akaguna. Ya pili, akaguna. Kila mguno niliuhesabu kama karani anavyohesabu makosa.

"Zimeshuka sana," akasema. "Lakini hazijafika chini kabisa. Zingefika, ningekwambia zika."

"Sasa kwa nini taa ni ya kijani?"

"Wewe unaonaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo kuhusu mashine isipokuwa wewe. Nikafikiri kama ninavyofikiri mzigo ukikwama bandarini: nani anauzuia, na anaogopa nini? Nikautazama ule ubao.

"Kuna mlango umefungwa," nikasema taratibu. "Chaja inabisha hodi, hakuna anayeitikia. Inadhani wenyewe wameshiba."

"Ehee!" Akasukuma stuli kwa mguu. "Kaa. Wewe unafaa." Akaugonga ubao kwa kucha. "Hii ndiyo bodi. Kazi yake kuilinda betri isinyonywe mpaka ikafa. Ikiona chakula kimekaribia kwisha, inafunga mlango. Haitoi, haipokei. Imelinda, imelinda, mpaka mwenye nyumba anadhani ndani kuna maiti."

Nilikuwa nawafahamu watu wawili wa namna hiyo, mmoja amekaa kwenye stuli yake.

Lakini swali jingine lilikuwa limeshaamka, na sasa halikuwa likiuliza kwa sauti ya kuogopa. Nani alikula moto wote ule? Pikipiki haikwenda popote. Ilikuwa chini ya shuka.

"Ilikaa muda gani bila chaja?" Hansa akauliza.

"Eda nzima."

Amekulia Kariakoo, hakuhitaji kuelezwa. Akaweka mita chini. "Pole sana. Nani?"

"Mume wa dada yangu."

Akaja kuinama juu ya pikipiki, akafuata waya mmoja mwembamba chini ya kiti mpaka kwenye kikasha cheusi. Nilikitambua. Ni king'ora ulichofunga baada ya pikipiki ya jirani kuibwa, kile chenye kataa kadogo kekundu mbele, kinachopepesa usiku na mchana kuwaambia wezi kuna mtu macho.

"Huyu hapa mlaji," akasema. "Kidogo kidogo, kila siku. Mlinzi kamaliza chakula cha nyumba."

Niliporudi nyumbani nilimweleza Dada yote: bodi, mlango, king'ora. Nilidhani naye atachoka nikifika kwenye volti. Hakuchoka. Aliacha kukunja nguo.

"Nilikuwa nakaona," akasema.

"Nini?"

"Hako kataa. Kalikuwa kanaonekana kupitia kwenye shuka. Mlango ukiwa wazi nalala nakaangalia. Nikajiambia, basi hajaondoka wote." Akailainisha nguo magotini. "Kisha siku moja hakakuwaka tena. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nini?"

Nikauliza swali la kikarani. "Kalizimika lini?"

"Nilikuwa nimekaribia kumaliza." Akafikiri. "Kalijitahidi."

Tangu hapo, Shemeji, sikuwa tena natengeneza pikipiki tu, na Hansa nadhani alilijua hilo, kwa sababu kila nilipoingia alianza kwa kusema, "Sijaahidi kitu, sawa? Betri haina ahadi." Aliziacha waya za bodi pembeni na kuzilisha seli moja kwa moja, kwa moto mdogo sana. "Uji mwepesi," alisema. "Mtu aliyeshinda na njaa ukimpa pilau unamuua." Kama safu yoyote ingepata joto, aliniambia, angeibeba mpaka nje kwenye pipa la mchanga na mazungumzo yangekuwa yamekwisha. Kila nikitoka ofisini nilikatiza Mnazi Mmoja kwa haraka, nikafika, nikaweka mgongo wa mkono juu ya zile safu kama mama anavyompima mtoto homa. Baridi. Kesho yake baridi. Namba za mita zilikuwa zinapanda kwa kusitasita.

Isipokuwa safu moja. Ilikuwa inapanda ikitazamwa na kushuka ikiachwa.

"Hii inadanganya," akasema Hansa.

"Ikibaki hivyo?"

"Bodi itaiona, itafunga mlango tena. Safu moja tu inatosha."

Alitafuta seli nyingine kutoka betri ya bajaji iliyopata ajali, akazipima moja moja kutafuta zinazolingana na za kwako. Nyingi zilikataliwa. Nilikuwa namshikia kitambaa na kumuuliza kila kitu: kwa nini zilingane, kwa nini ile na si hii, nini kinatokea ndani yake zinapolala. Kuna mahali nilishtuka kugundua kwamba pua yangu ilikuwa karibu kabisa na kitu ambacho kinaweza kuwaka moto, na kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nimesahau kuogopa. Maswali yalikuwa yaleyale. Itakuwaje? Itakuwaje ikifanya hivi? Nikakusikia, pale kwenye maji ya Jangwani.

Katika siku hizo nilikwenda pia kwenye mafunzo na kuchukua leseni. Usicheke. Kuna mtu lazima afuate utaratibu katika familia hii.

Siku ya kuirudisha bodi kazini, Hansa alifuta mikono yake. "Wewe sema bismillah, mimi nitasema ya kwangu." Tukasema, kila mtu kwa kunong'ona. Akachomeka chaja.

Kijani.

Nilimfikiria mnunuzi wa vyuma na mizani yake. Nilifikiria jinsi nitakavyoingia nyumbani mikono mitupu na Dada asiulize.

Kisha kitu kikalia *tik* ndani ya kasha, kidogo kama mende anapodondoka, na taa ikageuka nyekundu.

"Nyekundu!" nilipiga kelele.

"Nyekundu!" Hansa naye akapiga kelele, na muuza vitasa akaja mbio na ndoo ya maji akidhani duka linaungua. Tulimweleza kwamba hapana, mzee, nyekundu ndiyo uzima, inakula, inakula! Akasema sisi wote wawili hatuna akili, akarudi na ndoo yake.

Kabla sijaondoka Hansa alishika ule waya mwembamba. "Nikukatie hiki king'ora? Kitakula tena."

"Kiache," nikasema. "Nitakuwa nailisha."

Nilitoka Kariakoo nayo alasiri, polepole, katikati ya mikokoteni na marobota. Pale kijiweni kwenu mmoja alinyoosha shingo. "Oyaa! Ile si Feni?" Wakasimama wote. Nilisubiri utani na nilikuwa tayari nao. Hawakutania. Yule aliyekuwa akikuuliza habari za mama mkwe alivua helmeti yake, akaishika kifuani, akaja mpaka karibu.

"Karani. Unaiweza?"

"Siiwezi."

"Basi nenda taratibu. Siiwezi nayo hufika."

Kwenye mteremko wa kuingia Jangwani lori lilinipita karibu mno, ngumi yangu ikakaza yenyewe, na pikipiki ikaruka mbele kama ile Jumapili. Nilifungua vidole. Kimoja kimoja, Shemeji. Kidole cha mwisho kilikuwa kigumu kuliko vyote. Ikatulia. Bonde lilikuwa kavu, majani yameota mahali tuliposimama kutazama maji, na bado sijui yote yale yalikwenda wapi. Nitauliza.

Nilifika kona ya duka la mkaa. Kidole gumba kikaenda kwenye honi, kikasimama pale. Sikuweza. Sauti ile ilikuwa ya kwako, na kuna mtu jikoni ambaye aliizoea kwa miaka. Nikawaza, akisikia halafu akaniona mimi, je? Nilizima, nikashuka, nikaisukuma mpaka ndani ya ukumbi bila sauti yoyote.

Mama yako alikuwa mkekani na ungo wake.

"Yallah!" akaruka. "Bado haina adabu hii!" Halafu akaitambua, akafunika mdomo kwa ncha ya kanga, macho yakaenda jikoni.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakulia. Alikuja, akazunguka mbele ya pikipiki, akainama. Kataa kekundu kalikuwa kanapepesa. Alikatazama kwa muda mrefu, mpaka kitu kikaanza kuungua jikoni na hakuna aliyekwenda kukitazama.

"Iko hai," nikasema.

"Naona." Akajinyoosha, akanikazia macho. "Na wewe nani kakufundisha kuingia nyumba za watu bila hodi?"

"Dada, nilidhani labda..."

"Rudi kona."

Nikaisukuma nyuma mpaka duka la mkaa. Muuza mkaa akaniuliza nimesahau nini. Nikaipanda, nikaiwasha, nikafungua vidole vyote, nikapiga honi mara mbili.

Jikoni kulikuwa kimya. Nikahesabu pumzi zangu nikapotea njiani. Niliinua kidole nipige tena, kisha nikakumbuka kwamba hodi haipigwi kwa pupa.

"Karibu," akasema Dada.

Ilikuwa fupi, kama ya siku za kununiana. Lakini haikukosekana.

Hayo ndiyo niliyotaka ujue. Kila wiki naichomeka, na Dada ameanza tena kulalamika kwamba inamaliza uniti za umeme, na mama yako ameanza tena kumwambia iwekwe juani. Asubuhi nikivaa helmeti najiuliza lile swali lako, na sasa naweza kukujibu: tunafika, Shemeji. Polepole, lakini tunafika. Lala salama, Mungu akupanulie mahali hapo ulipo.

Ni mimi,
shemeji yako wa kiti cha nyuma,
siku hizi nimesogea mbele.